Pasi ya Makala

Kabla ya mteja wa kwanza
nafunika kioo cha duka kwa kipande cha kitenge.
Wanadhani nakilinda na vumbi.

Mwaka wa tatu sasa mashavu yananiwaka
kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani.
Mwanzoni joto lilikuja, likaondoka,
nikasema ni huu mlima wa Kadutu,
unapandisha watu, unapandisha na damu yao.
Kisha vikaja vipele,
vidogo, vigumu, vingine na usaha kichwani,
vimesambaa puani na kidevuni
kama mishono ya mwanagenzi.
Nina miaka arobaini na miwili.
Chunusi niliagana nazo nikiwa na sare ya shule.

«Unakunywa,» alisema wifi yangu Cibalonza,
mimi ambaye kasiksi naionja harusini tu, tena kwa adabu.
Jirani akasema ni uchafu, jisugue.
Nikajisugua kwa sabuni ya kufulia
mpaka maji ya kawaida yakaniuma kama ndimu.

Sokoni nikauziwa kikopo kisicho na jina la kiwanda.
Siku tatu tu, uso ukatulia.
Mwezi mzima ukawa laini kama bitana ya koti.
Nilipokiacha
moto ulirudi, na riba juu.

Daktari Bahizire alisogeza kiti changu dirishani.
Akatafuta vichwa vyeusi vya chunusi, hakuviona.
Akabonyeza shavu kwa kidole, akaachia, akatazama.
«Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha, mama Nsimire,
ni giza juu ya giza, hata sisi madaktari hutupita.
Joto ndilo halijui kujificha.
Kile kikopo usikiguse tena.»
Akaandika neno ambalo sikuwahi kulisikia: rozasea.
«Si uchafu. Si pombe. Wala hakuna aliyekuroga.
Haiponi moja kwa moja, ila inafugika.»
«Kama mbuzi?»
«Kama mbuzi mkorofi. Ujue anachokula.»

Nikageuza daftari la vipimo, nikaanza kuandika kwa nyuma,
huku mbele kukibaki viuno na mabega ya watu:

Jumanne, pilipili ya mama mkwe. Moto.
Jumatano, jua la saa sita, bila kofia. Moto.
Alhamisi, yule bwana wa suti hajalipa bado. Moto, na matusi.
Ijumaa, chai niliiacha ipoe. Kimya.
Jumamosi, pasi.
Jumatatu, pasi.
Jumanne tena, pasi, pasi.

Pasi yangu ya chuma, urithi wa baba,
tumbo lake limejaa makala!
Kila nguo nainama, napuliza,
nayo inanipulizia.
Miaka kumi na minane tumetazamana hivyo, uso kwa uso,
na mimi natafuta mchawi kwa majirani.

Sasa anayepuliza ni Mushagalusa, kijana wangu wa kazi,
huko barazani, ambako upepo wa Kivu unapita.
Mimi nashika mpini, shingo nimeikaza nyuma
kama bibi harusi asiyetaka kuombwa pesa.
Asubuhi maji ya uvuguvugu, sabuni isiyonukia,
dawa ya kupaka, kiasi cha punje ya mchele,
krimu ya jua, hata mawingu yakishuka mpaka mabatini.
Kidonge cha daktari, baada ya chakula.
Wiki ya pili, hakuna kitu. Nililia, na kulia nako ni joto.
Wiki ya nne, vipele tisa.
Wiki ya nane, vinne.
Mashavu bado yana siku zao.

Jana mteja alitaka kuona mgongo wa gauni lake.
Nikavuta kitenge, nikasahau.
Nilisimama nyuma yake, pini tatu mdomoni,
tukaonekana wawili.
Akageuka kidogo, akasema,
«Hapa kwapani pananibana.»
Alikuwa anatazama kwapa.
Nikatoa pini moja.